Johannes Rebmann na Neno Lililomtia Matatani

Katika gazeti letu hili la chama huandikwa kila mwaka maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki. Washairi wamekwisha kuandikwa, na wapigania uhuru pia. Mwaka huu mimi nimemchagua mtu ambaye jina lake sote tulilikariri shule ya msingi, Krapf na Rebmann, Rebmann na Krapf, kama pacha wa tumbo moja. Mtihani ulipokwisha tukamsahau. Nimemchagua huyo wa pili, na sababu ya kumchagua ni neno moja tu la Kiingereza. Mimi neno hilo lilinitia aibu siku moja. Yeye lilimsumbua miaka kumi na mitatu.

Neno lenyewe ni "snow".

Ilikuwa hivi. Tuliambiwa tutunge insha ya Kiingereza juu ya safari. Nami, kwa kutaka kumpendeza mwalimu, nikaupeleka msafara wangu mpaka Kilimanjaro na nikaandika "the snows". Daftari likarudi limepigwa wino mwekundu: neno hili halina wingi. Haya, nikanyamaza. Lakini wiki ile ile, katika maktaba, nikakutana na kitabu cha Mmarekani Ernest Hemingway, chenye hadithi aliyoitoa 1936. Jina la hadithi ni The Snows of Kilimanjaro, na "s" yake iko palepale mwishoni! Nikakibeba mbio kama mtu aliyeokota pochi. Mwalimu hakukasirika hata kidogo. Tulifungua kamusi kubwa pamoja, tukaona kwamba neno hilo kwa kawaida halihesabiki, kama vile mchanga au maziwa. Lakini ikiwa ni theluji iliyolala mahali pamoja, tuseme juu ya kilele cha mlima, Waingereza huweza kuitia "s". Kwa hiyo nilikuwa nimepatia bila kujua, na mtu akipatia bila kujua sioni tofauti yake na aliyekosea.

Kisha mwalimu akaniuliza: je, hiyo "snow" wewe umeiona wapi? Nikajibu, kwenye friji ya bucha. Darasa zima likaangua kicheko. Lakini ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na jibu bora. Sisi watoto wa Mombasa tunalijua neno, tunajua tahajia yake, tunajua hata kwamba laweza kuwa kitenzi, maana Kiingereza husema theluji "inatheluji" yenyewe kama vile mvua inyeshavyo. Kitu chenyewe hatujakiona. Basi nikaanza kujiuliza mtu hulijuaje neno la kitu asichopata kukiona, na kule kuuliza ndiko kulikonifikisha kwa Rebmann.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, Ujerumani. Nchi hiyo majira ya baridi theluji huanguka ikafunika mashamba na mapaa, kwa hiyo yeye aliijua tangu utotoni kama sisi tunavyoijua mvua ya masika. Aliijua kwa jina la kwao, Schnee. Kiingereza alikuja kukitumia ukubwani, alipokwisha kusomea kazi ya umisionari huko Basel, Uswisi, kisha akachukuliwa na chama cha Church Missionary Society cha London. Tafadhali likumbukeni jambo hili. Lugha aliyoiandikia habari zake, na ambayo watu walimsutia, haikuwa lugha ya mama yake. Alikuwa mwanafunzi wa Kiingereza kama mimi na wewe.

Alishuka Mombasa Juni 1846. Mji wetu wakati huo ulikuwa chini ya Sayyid Said wa Zanzibar, na utawala wa Wamazrui ulikuwa umeangushwa 1837, hata miaka kumi haijatimia. Ludwig Krapf alikuwa ametangulia kwa miaka miwili, na alikuwa amekwisha kumzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga ng'ambo ya pili ya maji, upande wa Nyali. Wawili hao walikaa mjini muda mfupi tu, homa ikawashika, na mwezi Agosti wakahamia Rabai, juu ya vilima vya bara.

Sasa hapa ndipo habari inaponoga. Watu wa Mombasa walikuwa wakiujua mlima wa Kilimanjaro zamani kabla ya Rebmann kuzaliwa. Wachuuzi wa Kiswahili walikwenda Uchagani kutafuta pembe za ndovu, wakarudi na habari. Kabla Rebmann hajafunga safari yake, mkuu wa mji wa wakati ule alitoa onyo: mtu yule asije akapanda mlima, kwa sababu una majini. Waliopanda waliuawa, mikono na miguu yao ikakakamaa, na baruti zao zikakataa kushika moto. Tena palikuwa na habari nyingine, kwamba juu kule kuna kitu kinachong'aa kama fedha. Rungua, aliyekuwa mfalme wa Machame, alituma kundi zima likachunguze kitu hicho. Akarudi mtu mmoja tu, aitwaye Sabaya, naye mikono na miguu yake imeharibika. Na kile kilichodhaniwa fedha kilipoteremshwa katika chombo, kumbe kimekuwa maji matupu.

Jamani, hebu yatazameni maelezo hayo polepole. Cheupe, kinang'aa, kiko juu sana, kinakakamaza vidole, kinaharibu baruti, kikiletwa chini kinakuwa maji. Mtege kitendawili hicho mtoto wa Kizungu, atakutegulia kabla hujamaliza! Wazee wetu hawakuwa wajinga hata chembe. Kamusi yao ilikuwa na maana yote ya neno, imeandikwa barabara. Kilichokosekana ni lile neno la kuandikwa mwanzo wa mstari.

Na hapa nitawashangaza, kwa maana hata hilo neno halikuwa mbali. Tunalo "theluji", limetoka katika Kiarabu, thalj. Katika dua mashuhuri ya sala ya maiti, marehemu huombewa asafishwe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Ina maana kwamba masheikh wa Mji wa Kale walikuwa wakilitamka neno hilo makaburini kwa karne nyingi, chini ya jua letu hili linalochoma nyayo. Neno liko msikitini, kitu kiko Uchagani, na kati yao ni mwendo wa siku nyingi wa miguu ukipitia nyika isiyo na maji. Kuna na jingine. Neno "barafu" tunalolitumia tukinunua barafu za ukwaju mlangoni kwa watu asili yake ni Kiajemi, na Waajemi wakisema barf hawasemi kile kigae kigumu cha friji, wanasema theluji. Wahindi nao walilichukua hivyohivyo. Sisi hatukuwa na theluji ya kuliitia, tukalivisha neno kitu tulichokipata.

Rebmann alifanya safari yake ya kwanza ya bara Oktoba 1847, hadi mlima wa Kadiaro, ambao leo tunauita Kasigau. Mwishoni mwa Aprili 1848 akatoka Rabai kwenda Uchagani. Kiongozi wake alikuwa Mswahili mzoefu wa misafara, Bwana Kheri, na wachukuzi wao hawakufika hata kumi. Watu wengi huadithia kwamba Rebmann alikwenda na mwavuli badala ya bunduki. Mwavuli kwa kweli alikuwa nao, na uliwafaa sana, kwa sababu mvua za mwezi wa tano huko hazichezi.

Tarehe 11 Mei 1848, yapata saa nne asubuhi, baada ya kuiacha milima ya Taita, aliona kitu cheupe kupita kiasi juu ya mlima mrefu ulio mbele yao. Kwanza akadhani ni wingu. Kiongozi naye akakubali kuwa ni wingu. Wakaenda hatua chache, Rebmann hakuridhika, akauliza tena. Kiongozi akamjibu kwamba pale pana wingu, ila kile cheupe chenyewe hakijui ni nini, anadhani ni baridi. Na kabla jibu halijamwingia vizuri masikioni, Rebmann akaitambua theluji ya kwao, kama mtu anayekutana na jirani yake wa zamani katika mji wa ugeni.

Mimi nimesikia watu wakicheka jibu la yule kiongozi, eti "baridi"! Nami nasema hakuna la kuchekwa. Yeye hakuitaja sura ya kitu, alitaja tabia yake. Tena angalieni, katika ile dua niliyoitaja, neno la mvua ya mawe ni barad, na "baridi" yetu imezaliwa katika shina hilohilo. Kwa neno alilokuwa nalo, asingeweza kulenga karibu zaidi. Kuna jambo ambalo vitabu vyetu vya historia vilikuwa vikiliandika vibaya: kwamba Rebmann aliuvumbua mlima. Wachagga walikuwa wakiishi pale, wakilima migomba yao na kunywa maji yake. Katika mazungumzo aliyofanya Uchagani, Rebmann mwenyewe alikuta kwamba wao wanakiita kile cheupe Kibo, na ndilo jina la kilele hadi leo. Yaani neno lilikuwapo, tena la mtu anayekijua kitu kwa macho, ila lilikuwa Kichagga. Alichofanya Rebmann ni kuwa Mzungu wa kwanza kuiona na kuipeleka habari London kwa maandishi. Si jambo dogo, lakini si uvumbuzi.

Habari ikachapishwa London 1849 katika gazeti la wamisionari. Nadhani yeye alitegemea shukrani. Badala yake alijitokeza bwana mmoja, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa akiheshimiwa sana kwa maandishi yake juu ya Afrika, ingawa mguu wake haukupata kukanyaga Afrika. Cooley akasema haiwezekani. Theluji karibu na mstari wa ikweta? Huyu mmisionari ameona kwa mawazo yake, na hata uzima wa macho yake ni wa kutiliwa shaka. Mwaka 1852 akatoa kitabu kizima juu ya Afrika ya ndani, na humo akaendelea kumpinga. Krapf naye, aliyeuona mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849 na akasema una theluji, akatiwa katika kapu hilohilo.

Tazameni jinsi mambo yalivyopinduka. Mombasa kulikuwa na kitu bila jina, London kukawa na jina lakini hawataki kukubali kitu. Cooley alilijua neno "snow" kuliko Rebmann. Alizaliwa nalo, angeweza kumfundisha sarufi yake. Lakini katika akili yake neno hilo lilikuwa limefungwa pamoja na nchi za baridi, kama punda na mkokoteni, hakuweza kulifungua.

Hesabu yenyewe ni rahisi, hata wa kidato cha kwanza ataifanya. Ukipanda juu, kwa kila mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6 hivi. Kilimanjaro ina mita 5,895. Chukua joto la Mombasa la nyuzi 30, toa 35, umebaki chini ya sifuri kwa nyuzi 5. Maji hapo hayana budi kuganda, ikweta ipende isipende.

Lakini hesabu haikutosha, ilibidi watu waende. Mwaka 1861 Mjerumani Karl Klaus von der Decken, pamoja na Mwingereza Richard Thornton aliyekuwa mtaalamu wa miamba, walitoka hapahapa Mombasa wakaenda hadi mlimani, na wakathibitisha kwamba ni theluji. Mwaka uliofuata von der Decken akarudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia wao wenyewe. Chama cha Jiografia cha London kikampa von der Decken nishani ya dhahabu 1864. Rebmann hakupewa. Mwaka 1871 mmisionari Charles New, aliyekaa Ribe, akapanda mpaka akaigusa theluji kwa mkono wake. Huyo ndiye wa kwanza katika habari hii yote aliyeweza kusema kwamba anajua maana ya neno katika mlima ule kwa vidole vyake. Ukimwacha Sabaya, bila shaka!

Ile "s" yangu ya wino mwekundu ilitoka kwenye mlima huo, theluji iliyolala bila kuondoka. Lakini huko kulala kunakwisha. Wataalamu waliopima barafu ya Kilimanjaro wanasema zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililokuwako 1912 limekwisha kuyeyuka, na linaendelea kupungua. Watakaosoma jina la hadithi ya Hemingway miaka hamsini ijayo huenda wakahitaji kuelezwa "s" ile ilikuwa ya nini.

Turudi kwa mtu wetu. Wakati watu wakimbishia London, yeye alikuwa Rabai na daftari. Krapf aliondoka 1853 kwa sababu ya ugonjwa. Jakob Erhardt, mwenzao wa tatu, akaondoka 1855, baada ya kushirikiana na Rebmann kutengeneza ramani ya Afrika ya ndani yenye ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la mdudu. Ramani ilikosea, maana maziwa yalikuwa matatu mbalimbali, lakini ndiyo iliyowatia hamu Burton na Speke wakaja huku 1857. Rebmann akabaki na mkewe Emma, Mwingereza, hadi mke naye akafariki 1866.

Kazi aliyoipenda kuliko safari ilikuwa kukusanya maneno. Alikusanya ya Kiswahili, ya Kirabai, na hata ya Kinyasa, lugha ya nchi ya mbali asiyopata kuifika. Aliwezaje? Alikutana na Salimini, mtu wa nchi za Ziwa Nyasa aliyetekwa utumwani akafikishwa Mombasa. Walikaa pamoja mwaka baada ya mwaka, neno kwa neno: hiki mnakiitaje, na kikifanya hivi mnasemaje, na mtu akisema vile ana maana gani. Jaribu kufikiri kazi hiyo. Mjerumani anamuuliza Mnyasa kwa Kiswahili, kisha anaandika jawabu kwa Kiingereza. Salimini alikuwa amenyang'anywa kila kitu isipokuwa maneno, na katika maneno hayo Rebmann ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Kamusi ya Kinyasa ilichapishwa 1877, ikiwa imehaririwa na Krapf. Krapf naye alifariki 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka uliofuata. Hao wazee wawili, kila mmoja na kamusi yake, hawakuziona zikiwa vitabu.

Nasema hawakuziona, na kwa Rebmann neno hilo lina uzito wa pili. Macho yake, yale yaliyotiliwa shaka na Cooley, yalianza kufa polepole. Miaka ya mwisho Rabai alikuwa hawezi kusoma daftari zake mwenyewe. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi Ulaya, alipanda meli akiwa kipofu. Aliyemshika mkono ni kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alioa tena kwao, akakaa Korntal karibu na alikozaliwa, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki, umri wake miaka 56.

Mimi napenda kumwaza huyo Nyondo. Kijana wa Rabai, amefika nchi ya theluji. Ikiwa ilianguka naye yuko hapo, basi wa kuuliza sasa alikuwa yule mzee, na wa kuona na kueleza alikuwa kijana. Natamani ningejua alitumia neno gani.

Nyumba ya Rebmann ingali pale Rabai, pamoja na ya Krapf na kanisa la zamani lenye makumbusho, si mbali na mji wetu kwa matatu. Chama chetu kimeomba ruhusa tukatembelee muhula ujao, siku ya Jumamosi. Wanaotaka kwenda waandikishe majina yao kwa katibu mapema, maana nafasi ni chache na wa kidato cha nne wamekwisha kutangulia.